Mzee MacPherson na shoki za gari lako

Kabla upeleke BMW 3 Series yako kwa fundi akate springi ndiyo gari likae chini, mjue kwanza Earle MacPherson.

Jamaa alizaliwa Illinois, Marekani, mwaka 1891, akasomea uhandisi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alikuwa General Motors, akiunda Chevrolet Cadet, gari dogo la bei nafuu. Alitaka kila gurudumu lijitegemee bila kurundika vyuma vya gharama. Basi mbele akaunganisha springi na shoki kuwa kitu kimoja, kinachobeba uzito na kugeuka pamoja na gurudumu. Mwaka 1947 kampuni ikafuta mradi. Kazi yote, kwisha!

Akahamia Ford na wazo lake. Mwaka 1950 likaingia kwenye Consul na Zephyr za Uingereza, na 1955 Zephyr ikashinda Safari Rally huku kwetu, wakati huo ikiitwa Coronation Safari. Alistaafu 1958, akafariki 1960.

BMW yako, hata Subaru Impreza ya jirani, bado inatumia wazo lake mbele. Kwa hivyo usitenganishe alichounganisha. Ukiweka springi fupi, ngumu, juu ya shoki zilizochoka, gari litadundadunda na kona itakushinda. Nunua springi na shoki zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja, kisha rekebisha alainimenti. Pesa haijatosha? Acha zile za kiwandani, bro, uendelee kujipanga.