Maisha ya Johannes Rebmann, Mgeni wa Mlimani

Katika kitabu hiki cha jubilei twasoma habari za watu waliofika Masasi na Newala kuanza kazi. Lakini yafaa tumkumbuke na mtu mmoja ambaye hakuikanyaga nchi yetu, naye alitutangulia njiani. Jina lake Johannes Rebmann. Wengi wamesikia ya kuwa yeye ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kilimanjaro na kuandika habari zake. Si wengi wajuao jinsi alivyokaa baadaye, wala ni nani aliyemshika mkono alipokuwa kipofu.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, nchi ya Württemberg, Ujerumani. Alisoma kazi ya umisionari huko Basel katika Uswisi, kisha akatumwa na chama cha C.M.S. cha Uingereza. Alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846. Huko alimkuta Johann Ludwig Krapf, mtu wa nchi yake, ambaye mkewe na mtoto wake walikuwa wamekwisha kuzikwa Mombasa mwaka 1844. Siku walipopanda kwenda Rabai kufanya maskani, wote wawili walikuwa na homa, na punda alikuwa mmoja tu; basi wakampanda kwa zamu. Hivyo ndivyo urafiki wao ulivyoanza, nao haukukatika mpaka kufa.

Mwezi wa Aprili 1848 Rebmann alishika safari ya bara pamoja na kiongozi wake Bwana Kheri na wapagazi wachache. Yeye mwenyewe hakuchukua silaha, ila mwavuli. Tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi, naye hakuwa na jina la kitu kile, akakiita baridi tu. Rebmann akatambua mara moja ya kuwa ni theluji, kwa maana tangu utoto aliijua. Sisi wa Chilangala tusishangae sana kwa jibu la yule kiongozi. Ukungu wa Juni unapofunika ukingo wa uwanda wetu, nasi twaota moto, twasema baridi imekuja. Mtu asiyeona zaidi ya hayo atasema nini?

Huko Kilema Mangi Masaki alimpokea vema. Mwisho wa mwaka ule ule akarudi mlimani, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga, mkuu mwenye nguvu, akakaribishwa kwa heshima. Hapo alisikia habari ya Mangi Rongua, baba yake Mamkinga, aliyewahi kutuma watu waende kuchunguza kile kitu cheupe; alirudi mmoja tu, na mikono yake na miguu imeharibiwa na baridi. Hivyo Rebmann akayakinisha ya kuwa macho yake hayakumdanganya.

Mwaka 1849 alikwenda mara ya tatu. Safari hii alikusudia kupita mpaka Unyamwezi, naye alichukua mali ya kutosha njia nzima. Akaingia kwa Mamkinga kama mtu aingiavyo nyumbani kwa rafiki wa kale. Lakini mgeni mwenye mizigo mingi hutazamwa kwa jicho jingine. Kidogo kidogo Mangi akaitwaa mali yote, hata njia ya mbele ikamfungikia. Rebmann alirudi Rabai mikono mitupu na mwili umechoka. Hakuiona Unyamwezi maisha yake yote.

Tena kulikuwa na huzuni nyingine. Huko London alikuwako mtaalamu mmoja, W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, naye alikataa kabisa ya kuwa theluji yaweza kukaa karibu na mstari wa ikweta. Watu wengi wakamsadiki yeye. Ikapita miaka mingi, hata mwaka 1861 na 1862 Baron von der Decken akapanda mlima ule na kushuhudia theluji. Rebmann alikuwa akiendelea na kazi yake Rabai.

Kazi hiyo ilikuwa ndogo machoni pa watu. Krapf alirudi Ulaya mwaka 1853 kwa ugonjwa. Mke wa Rebmann, Emma, alikufa mwaka 1866. Waumini walikuwa wachache mno. Lakini alikuwa akikaa na mtu mmoja, jina lake Salimini, mtumwa aliyeletwa pwani kutoka nchi za Nyasa, akiandika maneno ya lugha yake moja moja. Sisi wa kusini twaijua njia ile ya watumwa, maana misafara ya Nyasa ilipita katika nchi zetu ikielekea Kilwa. Mtu aliyeuzwa kama bidhaa akawa mwalimu wa padre.

Kisha macho yaliyoona theluji yakaanza kufa. Mwaka 1875, baada ya miaka 29, Rebmann aliondoka Rabai. Mwenzake wa safari alikuwa Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, aliyemwongoza kama mwana amwongozavyo baba yake, mpaka Ujerumani. Waalimu wenzangu, fikirini jambo hili: yule aliyekuja kuwaonyesha wengine njia alirudi kwao akionyeshwa njia na mmoja wao.

Krapf alikuwa akikaa Korntal, karibu na Stuttgart, na hapo rafiki yake wa kale akakaribishwa. Kwa shauri la Krapf, Rebmann akaoa mjane wa mmisionari, ili apate wa kumtunza. Waliopanda punda mmoja wakawa tena jirani, wazee sasa. Muda haukuwa mrefu. Rebmann alikufa tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf akayatwaa maandiko yake, akayatengeneza, na mwaka 1877 kamusi ya Kinyasa ikapigwa chapa kwa jina la Rebmann. Krapf naye akafa mwaka 1881, akazikwa Korntal, mahali alipolala mwenziwe.

Mwaka ule ule wa 1876 Askofu Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, akitaka kwenda Nyasa, nao wakakaa Masasi. Rebmann hakulijua. Basi mwalimu mwenye wanafunzi wachache, anayedhani kazi yake haionekani, na amkumbuke mzee huyu. Na kila mtu katika mtaa ajiulize: yuko mzee gani kipofu aliyetufundisha zamani, ambaye sasa hana wa kumshika mkono kwenda kanisani?