Guru Dutt na Kiu ya Mshairi

Marehemu Guru Dutt alizaliwa Bangalore, India, mwaka 1925. Ujanani alijifunza uchezaji ngoma, kisha akaingia senema. Mwaka 1957 alitoa Pyaasa, yaani Mwenye Kiu: kisa cha mshairi aliyepuuzwa angali hai, akatukuzwa alipodhaniwa amekufa. Watu waliipenda mno. Mwaka 1959 akatoa Kaagaz Ke Phool, Maua ya Karatasi. Hiyo wakaikataa, naye hakuongoza tena filamu kwa jina lake.

Alifariki Bombay, Oktoba 10, 1964, umri wake miaka 39. Leo ile iliyokataliwa ndiyo isifiwayo. Kila niitazamapo nyumbani naona kisa cha Pyaasa kilimgeukia mwenyewe. Basi, wapenzi wa senema, tumtunze mtunzi angali hai. Sifa za kaburini hazikati kiu.