Ntare V: Mfalme kijana aliyeiamini ahadi ya karatasi

KILA ninapopita barabara ya ziwani itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, nikafika upande wa Bugarama ambako milima inashuka karibu kabisa na maji, mawazo yangu huenda kwa kijana mmoja ambaye hakuwa mwenyeji wa ufukwe huu.

Kijana huyo ni Charles Ndizeye, aliyetawala kwa jina la Ntare V, mfalme wa mwisho wa Burundi. Kinachomfunga na ufukwe huu ni tarehe moja tu: 29 Aprili 1972. Siku hiyo uasi ulilipuka Rumonge na Nyanza-Lac, na usiku wake yeye aliuawa mjini Gitega, akiwa na umri wa miaka 24.

Leo, msomaji wangu, napenda tuyatazame maisha yake mafupi. Sina nia ya kumcheka marehemu. Nayasimulia kwa sababu ndani yake kuna somo ambalo wengi wetu hulipata tukiwa tumeshachelewa: namna mtu mwenye akili zake timamu anavyoweza kufanya uamuzi mbaya, kisha akaurudia.

Ndizeye alizaliwa Gitega tarehe 2 Desemba 1947, wakati Burundi ikiwa bado chini ya Ubelgiji. Baba yake, Mwami Mwambutsa IV, alikuwa amekalia kiti cha ufalme tangu mwaka 1915, alipokuwa mtoto mdogo. Kaka yake kwa baba alikuwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, shujaa wa uhuru wa nchi hiyo.

Rwagasore aliapishwa kuwa Waziri Mkuu mwishoni mwa Septemba 1961. Wiki mbili baadaye, Oktoba 13, alipigwa risasi akiwa katika Hoteli Tanganyika, kandokando ya ziwa hili hili. Ndizeye hakuwa hata ametimiza miaka 14. Mapema kabisa, basi, alijifunza kwamba damu ya kifalme si ngao.

Alipelekwa kusoma Uswisi. Huko alikua mbali na mivutano ya nyumbani, na nadhani huo ulikuwa mwanzo wa udhaifu wake. Aliijua Burundi kama nyumba ya baba yake, lakini hakuwajua vizuri watu waliokuwa wakishika funguo za nyumba hiyo.

Oktoba 1965 maofisa wa jeshi na jandarmeri walijaribu kuipindua serikali. Waziri Mkuu Léopold Biha alijeruhiwa vibaya kwa risasi. Jaribio lilishindwa, na mmoja wa waliolizima alikuwa ofisa kijana aliyeitwa Michel Micombero. Mwambutsa hata hivyo aliingiwa na hofu, akaondoka nchini na kwenda Ulaya. Hakurudi tena kutawala.

Machi 1966 mzee huyo, akiwa huko huko ughaibuni, alimkabidhi mwanawe madaraka ya kusimamia shughuli za serikali. Hapo ndipo kijana alipofanya uamuzi wake wa kwanza mkubwa. Tarehe 8 Julai 1966, akiwa na miaka 18, alimwondoa baba yake madarakani, akaifukuza serikali ya Biha na kuisimamisha katiba. Siku chache baadaye alimteua Micombero kuwa Waziri Mkuu.

Septemba 1 mwaka huo alivikwa taji mjini Muramvya na kuchukua jina la Ntare. Kwa desturi ya Burundi majina ya wafalme huenda kwa mzunguko: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha Ntare tena. Jina hilo lilikuwa zito, kwani Ntare Rugamba ndiye aliyeipanua nchi katika karne ya 19.

Lakini ukubwa wa jina hauongezi askari. Micombero alikuwa na jeshi mkononi. Mfalme alikuwa na taji na umri wa miaka 18. Alidhani aliyemsaidia kupanda ni mtumishi wake, wakati kwa kweli yeye ndiye aliyekuwa ngazi ya mwenziwe.

Novemba 1966 Ntare alisafiri kwenda Kinshasa, kwenye sherehe za kutimiza mwaka mmoja tangu Mobutu achukue madaraka. Alikuwa hajarudi ilipofika Novemba 28, siku ambayo Micombero alitangaza kwamba ufalme umekwisha na Burundi ni jamhuri. Taji lilikuwa limekaa kichwani kwa muda usiotimia miezi mitatu.

Hebu tutulie hapa kidogo. Baba alipinduliwa na mwanawe akiwa nje ya nchi mwezi Julai. Mwana alipinduliwa akiwa nje ya nchi mwezi Novemba. Njia ni ile ile, tena aliyeifungua ni yeye mwenyewe, na aliyekuwa kando yake akitazama ni yule yule aliyekuja kuitumia. Mtu aliyemwondoa mzazi wake kwa namna hiyo alipaswa kuwa wa mwisho kuiacha nyumba bila mwangalizi.

Akaingia uhamishoni, akaishi Ulaya. Laiti habari zake zingeishia hapo, leo angekumbukwa kama mmoja tu wa wafalme wengi wa karne iliyopita walioishia kuishi ugenini. Kosa la ujana lina msamaha wake.

Lakini mwaka 1972 alikwenda Uganda, kwa Rais Idi Amin. Kutoka huko alitaka kurudi nyumbani. Micombero alimhakikishia Amin kwa maandishi kwamba mfalme huyo wa zamani angepokewa na kuishi kama raia wa kawaida, na kwamba maisha yake yangekuwa salama. Tarehe 30 Machi 1972 helikopta kutoka Uganda ilimshusha Bujumbura.

Alikamatwa. Redio ya taifa ilitangaza kwamba alikuwa akipanga kuivamia nchi kwa msaada wa mamluki. Akapelekwa Gitega, mji aliozaliwa, na kuwekwa kizuizini.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndizeye alikuwa ameshaumwa. Kisha akamwona nyoka yule yule, akamdhania ung'ongo.

Najua ni rahisi kwangu kusema haya leo. Sisi tunaosoma historia tunaujua mwisho, na anayeujua mwisho hujiona mwerevu. Kwa hiyo nimejiuliza mara nyingi swali lililo la haki zaidi: je, siku ile kabla hajapanda helikopta, alikuwa na dalili gani mbele yake?

Alikuwa nazo nyingi. Kaka yake alikuwa ameuawa. Yeye mwenyewe alikuwa amesalitiwa na mtu huyu huyu. Mwaka 1969 maofisa wa jeshi waliotuhumiwa kula njama waliuawa. Mwaka 1971 watuhumiwa wengine walikamatwa, na Januari 1972 wakahukumiwa kifo, kabla adhabu hiyo kupunguzwa mwezi uliofuata. Serikali ya Bujumbura ilikuwa inakiogopa kila kivuli. Mfalme aliye hai alikuwa zaidi ya kivuli.

Ndiyo maana naamini uamuzi mbaya hautokani na kukosa habari tu. Mara nyingi habari tunazo. Tunachokosea ni swali. Ndizeye alijiuliza kama ameahidiwa, akaona karatasi, akaridhika. Hakujiuliza aliyeahidi angepoteza nini akiivunja ahadi yake. Micombero hakuwa na cha kupoteza, na alikuwa na mengi ya kupata.

Katikati alikuwapo mdhamini, Idi Amin. Nayo dhamana ya mtu mwingine hutulevya. Tunaona mkubwa amesimama kati yetu na hatari, tunasahau kwamba mkubwa huyo akikosewa atakasirika siku mbili, lakini atakayelala kaburini si yeye.

Aprili 29 Micombero aliwafukuza mawaziri wake wote. Siku hiyo hiyo, huku kusini mwa nchi kando ya ziwa, waasi wa Kihutu walivamia Rumonge, Nyanza-Lac na maeneo ya jirani, wakaua Watutsi wengi. Usiku ule Ntare aliuawa Gitega. Tangazo la kwanza la serikali lilidai kwamba wafuasi wa ufalme walijaribu kumtorosha, naye akafa katika purukushani hiyo.

Yaliyofuata ndiyo hasa Warundi wanayaita Ikiza, yaani balaa kuu. Jeshi na vijana wa chama tawala walianza kuwakamata na kuwaua Wahutu nchi nzima: walimu, wanafunzi, makarani, wafanyabiashara, askari. Makadirio ya waliouawa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Maelfu walikimbilia Tanzania, wengine kwa kuvuka ziwa hili.

Nisieleweke vibaya. Ndizeye hakuyasababisha mauaji hayo, na uasi wa ufukweni ulikuwa na mizizi yake mwenyewe. Kuamini ni kosa; kuua ni jinai, na lawama ya jinai ni ya aliyeua. Lakini kurudi kwake kuliwapa wenye nguvu kisingizio. Jina lake lilitumika kufunika moshi wa siku za mwanzo, wakati ambapo kila saa ilikuwa na thamani ya roho za watu. Mwenye jina kubwa akikosea njia, hajikosei peke yake.

Micombero naye alipinduliwa na Jean-Baptiste Bagaza tarehe 1 Novemba 1976, akafia uhamishoni Mogadishu mwaka 1983.

Mwambutsa, baba aliyeonekana mwoga kwa kukimbia, alifariki Uswisi mwaka 1977. Hata pale mabaki yake yalipofukuliwa mwaka 2012 ili yarudishwe Burundi, kesi ilifika mahakamani na uamuzi ukawa abaki huko huko. Mzee ana kaburi linalojulikana. Mwanawe hana.

Hapa Bugarama na Rumonge nimeona mara nyingi wasafiri wakipanda boti iliyojaa kupita kiasi kwa sababu nahodha amesema ziwa limetulia. Wanamtazama nahodha usoni. Hawalitazami ziwa, wala hawahesabu waliomo. Kila ninapowaona namkumbuka kijana wa miaka 24 akipanda helikopta, akiwa ameituliza roho yake kwa karatasi aliyoandika mwenzake.