Peter Cameron Scott: Kijana aliyezikwa Nzaui kabla ya kuona mavuno

MSAFIRI atokaye Emali kuelekea Wote hawezi kuukosa mlima wa Nzaui. Jabali lake limesimama juu ya mashamba ya Makueni, na wazee wa Ukambani husimulia kwamba hapo ndipo Mulungu alipowashusha binadamu wa kwanza, nyayo zao zikabaki kwenye mwamba. Nzaui ndipo alipozikwa Peter Cameron Scott, kijana Mskoti aliyefika hapo akiwa na umri wa miaka 28, akafanya kazi kwa muda usiotimia mwaka mmoja, na kufariki bila kujua iwapo jasho lake lingezaa chochote.

Scott alizaliwa Glasgow, Uskoti, tarehe 7 Machi, 1867. Mwaka wa 1879 jamaa yake ilihamia Marekani na kufanya makao Philadelphia. Kijana huyo alijaliwa sauti nzuri, na husimuliwa kwamba nusura ajiunge na waimbaji wa opera kabla ya moyo wake kugeukia dini. Alisomea kazi ya umishonari New York katika chuo cha mhubiri A. B. Simpson, na mwishoni mwa mwaka wa 1890 akafunga safari kwenda Kongo.

Huko ndiko alikoonja uchungu wa wito wake kwa mara ya kwanza. Ndugu yake, John, alimfuata Kongo wafanye kazi pamoja, lakini haikupita miezi mingi kabla ya John kufariki. Peter alimzika kwa mikono yake mwenyewe. Kisha naye akashikwa na maradhi, na mwaka wa 1892 akalazimika kurejea Uingereza, amedhoofika mwili na mipango yake imevunjika.

Aghalabu mtu aliyepatwa na hayo angeona kwamba ametimiza wajibu wake. Hata hivyo, inaelezwa kuwa Scott alipokuwa London alizuru kanisa la Westminster Abbey, alikozikwa David Livingstone, na maandishi ya kaburini kuhusu kondoo wengine wasio wa zizi hilo yakamwamshia nia upya. Aliondoka na wazo la kujenga mlolongo wa vituo vya wamishonari kutoka Mombasa hadi Ziwa Chad, katikati ya bara ambako wenzake wengi hawakuwa wamefika.

Ukambani haukuwa mgeni kwa wahubiri. Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka wa 1849, akakaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, na akiwa huko akauona Mlima Kenya. Aliporudi mwaka wa 1851, Kivoi aliuawa walipokuwa safarini kuelekea Mto Tana, naye Krapf akaponea chupuchupu kufa kwa kiu. Baadaye Walutheri wa Kijerumani walifungua kituo Ikutha, kusini mwa Kitui, na Waskoti wakaanzisha chao Kibwezi mwaka wa 1891.

Shirika la Scott, Africa Inland Mission, liliundwa Philadelphia mwaka wa 1895. Mnamo Agosti mwaka huo kundi la watu wanane, akiwemo dada yake Margaret, liliondoka New York kwa meli. Walifika Mombasa Oktoba, miezi michache tu baada ya Uingereza kutangaza himaya yake Afrika Mashariki. Reli ilikuwa bado haijajengwa. Waliandamana na wapagazi kupitia nyika ya Taru, na mwezi Desemba wakapiga kambi Nzaui.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa furaha na pilkapilka. Kabla haujakwisha, vituo vilikuwa vinne: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Nyumba zilijengwa, watoto wakaanza kufundishwa kusoma, wagonjwa wakatibiwa. Wazazi wa Scott nao waliwasili kutoka Marekani kujiunga na kazi ya mwana wao. Kwa mtu aliyekuwa amemzika ndugu yake ugenini, kumwona mama akikanyaga ardhi ya Makueni ilikuwa faraja isiyo kifani.

Lakini masikitiko hayakuwa mbali. Lugha ilikuwa kizingiti. Willis Hotchkiss, mmoja wa wale wanane, alitafuta kwa zaidi ya miaka miwili neno la Kikamba la kumweleza mwokozi. Alilipata siku moja akisikiliza masimulizi ya mtu aliyenusuriwa kutoka kwa simba. Wageni walikuwa wamekuja kufundisha, kumbe wao ndio waliokuwa wanafunzi, na walimu wao walikuwa wanakijiji wa Ukambani.

Adui mkubwa zaidi hakuonekana kwa macho. Mwezi Novemba mwaka wa 1896 Scott alishikwa na homa ya mkojo mweusi, tatizo baya litokanalo na malaria. Mama yake alimuuguza, lakini hali ikazidi kudorora. Alifariki tarehe 4 Desemba, 1896, akiwa na umri wa miaka 29. Miezi minane baadaye, Agosti 1897, daktari Ronald Ross aligundua nchini India kwamba malaria huenezwa na mbu. Scott na wenzake walikuwa wakilala karibu na kilichowaua bila kukitambua.

Kifo hicho nusura kizike shirika lenyewe. Wamishonari wengine walifariki, wengine wakarejea kwao wakiwa wagonjwa. Njaa kali ya Ngomanisye ikaikumba Ukambani na kuangamiza watu wengi. Kufikia mwaka wa 1899, mwaka ambao reli ilifika Nairobi, alikuwa amebaki mmishonari mmoja tu wa shirika hilo, William Gangert. Kwa hesabu ya wakati huo, ndoto ya Ziwa Chad ilikuwa imeshindwa.

Aliyeifufua kazi hiyo ni Charles Hurlburt, aliyehamishia makao makuu Kijabe mwaka wa 1903. Lakini walioieneza vijijini ni Wakamba wenyewe: wainjilisti, walimu na akina mama waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji. Agano Jipya kwa Kikamba lilichapishwa mwaka wa 1920, na Biblia nzima mwaka wa 1956. Leo kanisa lililotokana na shirika hilo, Africa Inland Church, ni miongoni mwa makubwa nchini Kenya, na Rais wa pili, marehemu Daniel arap Moi, alikuwa muumini wake. Chuo kikuu cha Kikristo mjini Machakos kina jina la Scott.

Vijana wa kueneza dini bado hupita katika barabara za vumbi za Makueni. Miongoni mwao ni Wamormoni, ambao kanisa lao lilitambuliwa rasmi Kenya mwaka wa 1991. Wavulana wao hutumikia miaka miwili na wasichana miezi 18, wakitembea wawili wawili, na milango mingine hufungwa wasijue walichoacha nyuma. Tofauti ni kwamba wao huijua siku ya kurudi nyumbani. Scott hakuijua.

Watakaompima kwa ramani aliyoichora watasema alishindwa, kwani mlolongo wake haukufika mbali na Nzaui. Lakini aliyepanda si lazima awe ndiye atakayevuna. Katika Ukambani, ambako mkulima hupanda bila hakika ya mvua, hilo ni jambo linaloeleweka bila kufafanuliwa.