Sam Sheppard: Daktari aliyehukumiwa na magazeti kabla ya korti

Kama wewe hutoa hukumu kwenye komenti kabla kesi hata haijaanza, msome huyu jamaa.

Sam Sheppard alizaliwa 1923 jijini Cleveland, Marekani. Akifika miaka 30 maisha yalikuwa yamenyooka: daktari, mke, mtoto mmoja, nyumba kando ya Ziwa Erie. Alfajiri ya Julai 4, 1954, mkewe Marilyn, aliyekuwa mjamzito, aliuawa kitandani. Sheppard alisema alipambana na mtu asiyemjua, akapigwa hadi akazirai.

Magazeti ya Cleveland hayakungoja. Ukurasa wa kwanza, siku baada ya siku, yalidai akamatwe. Alihojiwa mbele ya umati katika ukumbi wa shule, mawakili wake wakinyimwa nafasi ya kushiriki. Ikafichuka pia kuwa alikuwa na mpango wa kando, na mji ukamkataa kabisa.

Kesi ilianza Oktoba. Kule, mwenye kuamua hatia ni jopo la raia 12 wa kawaida. Majina na anwani za wanajopo zikachapishwa gazetini. Barua na simu zikaanza kumiminika. Wanahabari waliwekewa meza karibu sana na mshtakiwa, hadi kunong'onezana na wakili wake ikawa shida. Jaji naye alikuwa anawania kura Novemba hiyo. Desemba 21 Sheppard akapatikana na hatia: kifungo cha maisha.

Mwezi uliofuata mamake alijitoa uhai. Siku 11 baadaye babake akafariki.

Sheppard alikaa ndani karibu miaka 10. Wakili kijana, F. Lee Bailey, akaipigania kesi hadi Mahakama ya Juu, ambayo Juni 6, 1966 ilifuta hukumu kwa kura 8 dhidi ya 1. Haikusema hana hatia. Ilisema jaji alishindwa kulikinga jopo na kelele: angewabana wanahabari, angewanyamazisha mawakili na mashahidi, angehamisha kesi. Kesi ikarudiwa, na Novemba jopo jipya likamwachilia.

Lakini maisha hayakurudi. Pombe ilimlemea, udaktari ukamponyoka, akaishia ulingoni kama mwanamiereka. Alifariki Aprili 6, 1970, akiwa na miaka 46.

Hadi leo hakuna mwingine aliyehukumiwa kwa kumuua Marilyn. Yaani kelele zote zile, na hata yeye hakupata haki.