Chuma, Kiongozi wa Msafara

Nchi ya Ufipa ni uwanda wa juu, wenye majani mengi na miti michache, na upepo wake ni wa baridi. Upande wa magharibi nchi hushuka mpaka Ziwa Tanganyika, na upande wa mashariki hushuka mpaka Ziwa Rukwa. Siku hizi barabara itokayo Sumbawanga kwenda Tunduma hupita Laela, na msafiri huivuka nchi hiyo upesi. Zamani watu waliivuka kwa miguu, na mizigo vichwani. Miongoni mwao alikuwako Myao mmoja, jina lake James Chuma. Yeye aliipita Ufipa mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa mtumishi, mara ya pili alikuwa akisindikiza maiti, na mara ya tatu alikuwa kiongozi wa msafara.

Chuma alizaliwa karibu na mwaka 1850. Alipokuwa mtoto alikamatwa akauzwa utumwani. Mwezi wa Julai 1861 kundi la watumwa ambao yeye alikuwa mmoja wao lilikuwa likipelekwa karibu na mto Shire, likakutana na Dr. Livingstone na Askofu Mackenzie. Walinzi walipowaona Wazungu walikimbia. Basi kamba zikakatwa, na watumwa wakafunguliwa. Chuma alikaa na wamisionari huko Magomero. Hata mwaka 1864 Livingstone alipovuka bahari kwenda Bombay katika merikebu yake ndogo, alimchukua Chuma na kijana mwenzake, Wikatani, akawatia shuleni huko Bara Hindi. Huko Chuma alibatizwa, akaitwa James.

Mwaka 1866 Livingstone alirudi Afrika kutafuta chanzo cha mto Nile, na Chuma akafuatana naye. Safari hiyo ilidumu miaka saba. Wengine walikufa, na wengine walitoroka. Mwaka 1872 walipita Ufipa kwa njia ya ukingo wa Ziwa Tanganyika, wakipanda na kushuka milima katika jua kali, wakachoka sana. Chuma hakuisahau njia ile.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873, Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, kusini ya Ziwa Bangweulu. Watu wake, sitini hivi, wakabaki peke yao, mbali sana na pwani. Wakubwa wao walikuwa Susi na Chuma. Hawakuwa na bwana wa kuwaamuru, wala hapakuwa na mtu wa kuwauliza kama wangalimzika hapo hapo na kwenda zao. Lakini walishauriana, wakakata shauri kuuchukua mwili mpaka Unguja, pamoja na vitabu vyake na vyombo vyake vyote, ili ndugu zake waupokee.

Shauri hilo lilikuwa na hatari kubwa. Katika nchi walizokuwa wakizipita, mambo ya wafu yalikuwa mambo mazito ya dini. Kila kabila lilikuwa na taratibu zake za kuzika, kuomboleza na kutuliza mizimu, tena watu walizishika sana. Mgeni afaye kijijini aliweza kuleta msiba, na wenziwe wakatozwa mali nyingi. Maiti iliyochukuliwa barabarani ilikuwa jambo la kutisha, kwa maana watu waliogopa kwamba mahali ipitapo patapatwa na mabaya.

Kwa sababu hiyo mwanzoni walimficha Chitambo habari ya kifo. Lakini mzee yule alipata habari, akawauliza kwa upole kwa nini hawakumwambia kweli. Aliwashauri wamzike pale, kwa kuwa njia ni ndefu. Walipokataa hakuwazuia. Alikuja yeye mwenyewe pamoja na watu wake kumwomboleza mgeni kwa desturi ya kwao. Ngoma zikapigwa, na mwombolezaji akacheza, njuga zikilia miguuni pake. Hivyo Chuma na wenzake walijifunza kwamba mara nyingine heshima na kweli hufungua mlango ambao siri ingaliufunga.

Walijenga ua nje ya kijiji. Farijala, ambaye zamani alimtumikia daktari huko Unguja, aliupasua mwili, akautoa moyo na matumbo. Hivyo vilitiwa katika sanduku la bati, vikazikwa chini ya mti wa mvula, na Jacob Wainwright akasoma sala za maziko. Kisha mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani siku kumi na nne. Baadaye waliuviringisha katika nguo, wakautia ndani ya gome la mti, wakashona turubai juu yake na kuipaka lami. Mzigo huo walifunga katika mti mrefu, ukachukuliwa na watu wawili.

Mwanzo wa safari ulikuwa mgumu. Homa iliwashika wengi, hata wakalazimika kukaa siku nyingi bila kwenda mbele. Walipovuka mto Luapula walifika kijiji cha Chawende, na huko palitokea ugomvi. Watu waliuawa, na msafara ukakiteka kijiji, ukala chakula kilichokuwamo. Hilo lilikuwa jambo baya katika safari iliyofanywa kwa ajili ya upendo, na habari za safari hiyo hazilifichi.

Kutoka huko walizunguka ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Hawakuifuata njia ya 1872 kando ya ziwa, bali walikwenda mbali na ziwa, wakapita nchi ya juu ya Ufipa. Wafipa wa siku zile walikuwa wakulima na wafua chuma hodari. Waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru ndefu za udongo, nao walilima kwa kufukia majani katika matuta ya mviringo. Katika dini yao waliiheshimu mizimu ya milima na maziwa, na chatu alikuwa mnyama mtakatifu kwao. Msafara wenye maiti ulikuwa ukipita katika nchi yenye miiko ya namna hiyo kijiji kwa kijiji, na kosa dogo la mtu mmoja lingaliweza kuwaangamiza wote.

Walipokaribia Unyanyembe, yaani upande wa Tabora, walisikia kwamba Waingereza wako huko, wamekuja kumtafuta Livingstone. Jacob akaandika barua, naye Chuma akatangulia nayo. Alifika tarehe 20 Oktoba 1873, akamkuta Luteni Cameron. Bwana huyo aliona hatari iliyo mbele, akawashauri waizike maiti hapo. Susi na Chuma wakakataa kwa adabu.

Hatari ile waliikuta mahali paitwapo Kasekera. Wenyeji walipojua kwamba mzigo ni maiti, hawakukubali ipite katika nchi yao. Msafara ulikuwa na bunduki, na habari za Chawende zilikuwa bado mioyoni mwao. Safari hii hawakutaka vita. Waliuondoa mwili katika gome lake, wakaufunga upya kama robota ya nguo, mzigo ambao wapagazi wote huuchukua. Kisha walikusanya mabua ya mtama, wakayafunga kwa nguo hata yakafanana na maiti. Watu sita wakaubeba mzigo huo wa uongo, wakarudi njia ya Unyanyembe kama waendao kuzika. Wenyeji wakaridhika. Wale sita walipofika porini, waliyatupa mabua moja moja huku na huku, wakarudi kwa siri kwa wenzao. Hivyo robota ile ilipita, na hakuna mtu aliyepigwa wala kuumizwa.

Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo. Walikuwa wamekwenda zaidi ya maili 1,000 kwa muda wa miezi tisa. Balozi mdogo wa Waingereza aliupokea mwili. Wachukuzi walilipwa mshahara wao, wakaambiwa waende zao. Jacob peke yake ndiye aliyefuatana na maiti mpaka Uingereza. Huko mwili ulitambuliwa kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka thelathini nyuma. Ulizikwa tarehe 18 Aprili katika kanisa kuu la Westminster, London, wala Susi na Chuma hawakuwapo. Baadaye, mwaka ule ule, rafiki wa Livingstone aliwaleta wote wawili Uingereza kwa gharama yake. Walikaa na Padre Horace Waller, wakamsaidia kuzipanga habari za safari ya mwisho, kwa kuwa mengi hayakuandikwa ila katika kumbukumbu zao.

Chuma aliporudi Unguja hakukaa bure. Mwaka 1876 aliongoza msafara wa Askofu Steere mpaka Masasi, wakiwapeleka watu waliokombolewa utumwani wapate makao mapya. Mwaka 1879 aliajiriwa na Keith Johnston, aliyetumwa na Chama cha Jiografia cha London. Johnston alifariki mapema huko Behobeho, kazi ikamwangukia kijana wa miaka 21, Joseph Thomson, ambaye hakuijua Afrika. Lakini Chuma aliijua. Alijua lugha nyingi, alijua jinsi ya kuwasalimu watemi, na jinsi ya kuwatuliza wapagazi waliotaka kugoma. Thomson alipokwenda ng'ambo ya ziwa na watu wachache, aliwaacha wengine wote mikononi mwa Chuma, na aliporudi aliwakuta salama.

Mwaka 1880 msafara huo ulipita Ufipa, ukaliona Ziwa Rukwa, kisha ukashika njia ya Tabora mpaka pwani. Katika safari yote hawakupiga bunduki hata mara moja kwa vita. Sifa hiyo alipewa Thomson na watu wengi, lakini mwenyewe alijua ya kuwa sehemu kubwa ni ya Chuma.

Mwaka 1881 walikwenda tena pamoja mto Ruvuma, kumtafutia Sultani Barghash makaa ya mawe. Mwaka uliofuata, 1882, Chuma alifariki Unguja kwa ugonjwa wa kifua. Umri wake haukupita sana miaka thelathini.

Chuma hakuacha mali, wala hakuandika kitabu. Aliacha jina la mtu aliyepewa amana akaifikisha. Alipita katika nchi za watu ambao imani zao hazikuwa zake, akajifunza kwamba mgeni hapati njia kwa kuzidharau. Alijua kusema, alijua kunyamaza, na alipokosa kwa Chawende hakukosa vile tena Kasekera. Kwa hiyo mtoto aliyefungwa kamba ya utumwa alikuwa kiongozi wa watu, na njia alizozipita zamani zinapitwa na wengi leo wasiolijua jina lake.