Aliyesoma kwa Kadi ya Mwenziwe

Elimu ni bahari, lakini wako waliozuiwa hata kuukaribia ufuo wake. Mmojawapo ni Richard Wright, mjukuu wa watumwa, aliyezaliwa Mississippi, Marekani, mwaka 1908.

Shule aliiacha mwaka 1925, akaenda Memphis kutafuta kazi. Maktaba ya mji huo haikumwazima kitabu mtu mweusi. Basi mwaka 1927 alimwomba Mzungu mmoja wa kazini kadi yake, akaandika barua ya uongo kana kwamba ametumwa na bwana huyo. Akatoka na vitabu viwili, na tangu hapo hakushiba.

Vitabu alivifunga ndani ya gazeti visionekane, akavisoma usiku chumbani. Riwaya moja ilimpeleka kwa nyingine. Kwa Sinclair Lewis alimwelewa bwana wake wa kazi. Kwa Theodore Dreiser aliyaona upya mateso ya mamake. Akanunua karatasi, akashika kalamu, maneno yasije. Hakukata tamaa.

Mwishoni mwa 1927 alihamia Chicago, akazidi kusoma na kuandika. Mwaka 1940 ikatoka riwaya yake, Native Son, ikauzwa zaidi ya nakala 200,000 kwa majuma matatu. Alifariki Paris mwaka 1960.

Vijana wetu wenye hamu ya utunzi na wazingatie. Asomaye mwandishi mmoja huishia kumwiga. Asomaye wengi pamoja hujifunza kupambanua, hata siku moja akaipata sauti yake mwenyewe.